Albamu ya Kwanza ya Queen na Bei ya Saa za Bure

(Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne, Ihanja)

Siku hizi si ajabu kumsikia kijana akisema kwamba akimaliza Kidato cha Nne atakwenda Dar es Salaam kutafuta studio. Wengine hawataki hata kungoja kumaliza. Wazazi wakisikia maneno hayo huhuzunika, na walimu hutikisa vichwa. Lakini ni wachache wanaokaa kitako wakamweleza kijana huyo kazi yenyewe huendaje: nani hulipia studio, nani huwa mwenye nyimbo zikisha kurekodiwa, na fedha hupita mikono ya nani kabla ya kumfikia mwimbaji.

Kwa hiyo nimeona yafaa nieleze habari ya albamu moja tangu mwanzo wake hata mwisho. Nimechagua albamu ya kwanza ya bendi ya Queen, iliyotolewa Uingereza na kampuni kubwa ya EMI tarehe 13 Julai 1973. Sababu zangu ni mbili. Kwanza, mwimbaji wake alizaliwa Unguja, kwa hiyo habari hii si ya mbali kama wengi wadhanivyo. Pili, mikataba ya vijana hao imekwisha andikwa na kusimuliwa hadharani, na katika mikataba hiyo limo fundisho ambalo kila mwenye kipaji yampasa alijue mapema.

VIJANA WANNE

Mwimbaji huyo ni Freddie Mercury. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Farrokh Bulsara, naye alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946. Wazazi wake walikuwa Waparsi wenye asili ya India, na baba yake alikuwa mtunza fedha katika Mahakama Kuu ya Zanzibar. Farrokh alipokuwa na umri wa miaka minane hivi alipelekwa India kusoma katika shule ya bweni ya St Peter's, mjini Panchgani. Huko ndiko wenzake walikoanza kumwita Freddie, na huko ndiko alikopiga piano katika bendi ya wanafunzi watano iliyoitwa The Hectics. Sisi tukaao bwenini twaweza kulielewa jambo hilo vizuri, kwa maana jioni za bwenini ni ndefu, na vijana wakikosa kwao hupata kwa wenzao.

Alirudi Unguja mwaka 1963. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 familia yake ilihamia Uingereza, wakakaa Feltham, karibu na London. Kijana akaingia chuo cha sanaa cha Ealing, akahitimu mwaka 1969 katika uchoraji wa matangazo na vitabu. Elimu hiyo haikupotea bure, maana nembo ya bendi yao aliichora yeye mwenyewe.

Wenzake watatu nao walikuwa wanafunzi. Brian May, mpiga gitaa, alisoma fizikia katika chuo cha Imperial mjini London. Roger Taylor, mpiga ngoma, alianza kusomea udaktari wa meno, kisha akageukia elimu ya viumbe. John Deacon, mpiga gitaa la besi, alisomea elektroniki. May na Taylor walikuwa na bendi yao iliyoitwa Smile. Ilipovunjika mwaka 1970, Freddie akajiunga nao, na jina Queen likaanza. Deacon aliingia mwaka 1971, akiwa mdogo kuliko wote.

Hawakuwa matajiri. Freddie na Taylor waliuza nguo za mitumba katika soko la Kensington ili wapate fedha ya kula. Gitaa la May halikununuliwa dukani. Yeye na baba yake walianza kulitengeneza nyumbani mwaka 1963, wakachonga shingo yake katika mbao kuukuu ya meko ya ukutani, na springi zake zikatoka katika pikipiki. Gitaa hilo ndilo lisikikalo katika albamu yote.

STUDIO NI NINI, NA KWA NINI NI GHALI

Mtu asiyeijua kazi hii hudhani kwamba bendi huingia chumbani, ikapiga wimbo mara moja, na mashine ikaunasa. Zamani ilikuwa hivyo. Lakini kufika miaka ya 1970 studio kubwa za London zilikuwa na mashine za utepe zenye njia 16. Mfano wake ni shamba lenye matuta 16. Ngoma huwekwa katika tuta lake, gitaa katika tuta lake, sauti ya mwimbaji katika tuta lake. Tuta moja likiharibika, hulimwa upya peke yake, wala mengine hayaguswi. Kwa njia hiyo mwimbaji mmoja aweza kuimba sauti tatu au nne, na zote zikasikika pamoja kama kwaya. Ndiyo siri ya sauti nyingi zisikikazo katika nyimbo za Queen.

Lakini kazi hiyo hula saa nyingi mno, na studio hukodishwa kwa saa. Vijana wasio na fedha watazipata wapi saa hizo?

Queen walizipata kwa njia mbili. Mwaka 1971 studio ya De Lane Lea ilikuwa imehamia jengo jipya huko Wembley, nayo ilitaka bendi ya kupiga muziki kwa sauti kubwa ili mafundi wajaribu vyumba na mashine zao. Queen walikubali kuwa bendi hiyo, na badala ya mshahara wakapewa nafasi ya kurekodi nyimbo tano za mfano. Wimbo mmoja kati ya hizo, “The Night Comes Down”, ulikuwa mzuri kiasi cha kutiwa katika albamu yenyewe baadaye.

Njia ya pili ilikuwa studio ya Trident, iliyokuwa katika mtaa wa Soho, mali ya ndugu wawili, Norman na Barry Sheffield. Studio hiyo ilikuwa na sifa kubwa: Beatles walirekodi “Hey Jude” humo mwaka 1968. Wenye Trident walipendezwa na Queen, lakini hawakuwapa saa za mchana, kwa kuwa hizo zilikodishwa na wanamuziki mashuhuri wenye kulipa. Queen walipewa saa zilizobaki. Wakati mwingine walingoja hata usiku wa manane, mteja atoke, ndipo waingie wao na kufanya kazi mpaka kukaribia alfajiri. Hivyo ndivyo albamu yao ilivyotengenezwa katika mwaka 1972, kipande usiku huu, kipande usiku ule, wakisimamiwa na John Anthony na Roy Thomas Baker pamoja na wao wenyewe.

Mwishowe zilipatikana nyimbo 10. Tano zilitungwa na Freddie, nne zilitoka kwa May, moja katika hizo akiwa ameitunga pamoja na mwimbaji wa zamani wa Smile, na moja ilitungwa na Taylor. May amesimulia kwamba ni wakati wa kutunga “My Fairy King”, mmoja wa nyimbo hizo, ndipo Freddie alipoamua kujiita Mercury. Juu ya jalada waliandika kwamba hakuna aliyetumia sinthesaiza, ile ala ya umeme itoayo sauti za kila namna. Walitaka watu wajue kwamba sauti zote za ajabu zilitoka katika gitaa, piano na makoo yao.

Hata hivyo saa za bure zina kasoro zake. Mgeni hapangi vyombo ndani ya nyumba ya mwenyeji. Taylor hakuipenda sauti ya ngoma iliyopatikana katika chumba cha Trident, lakini hapakuwa na nafasi ya kufanya atakavyo. Wimbo mmoja, “Mad the Swine”, uliachwa nje ya albamu kwa sababu ya mabishano ya namna hiyo.

MIKATABA

Sasa tumefika mahali penyewe. Tarehe 1 Novemba 1972 Queen walitia sahihi mikataba na Trident. Mikataba hiyo ilikuwa ya mambo matatu, nami nitayaeleza moja moja.

La kwanza lilikuwa kurekodi. Kwa mkataba huu rekodi zilifanywa kwa ajili ya Trident, na Trident ndiyo iliyozipeleka kwa kampuni kubwa ya kuzichapa na kuziuza. La pili lilikuwa utunzi. Wimbo una mali mbili ndani yake: rekodi, yaani ile sauti iliyonaswa, na utunzi, yaani maneno na tuni. Mtu mwingine akiuimba wimbo huo huo miaka 30 baadaye, mtunzi hupata chochote, ijapokuwa rekodi ni ya mwingine. Mkataba wa pili ulihusu mali hiyo. La tatu lilikuwa umeneja. Meneja ndiye amsemeaye mwanamuziki, amtafutiaye kazi, na kubishana na kampuni kwa ajili yake.

Msomaji ataona shida iko wapi. Meneja kazi yake ni kuitazama kampuni kwa jicho kali na kuuliza: “Mbona sehemu ya watu wangu ni ndogo?” Lakini ikiwa meneja na kampuni ni nyumba moja, nani atamwuliza nani? Wazee husema, kesi ya ngedere usimpelekee nyani.

Sisemi kwamba wenye Trident walikuwa watu wabaya. Walitoa studio, ala na mishahara kwa vijana ambao hakuna kampuni kubwa iliyokuwa imewataka bado. Hasara ingalitokea, ingalikuwa yao. Norman Sheffield mwenyewe aliandika kitabu mwaka 2013 kujitetea na kueleza upande wake. Ninalosema ni kwamba zile saa za usiku hazikuwa za bure kamwe. Bei yake iliandikwa katika mikataba.

Sisi wa Singida twaweza kufahamu jambo hili kwa alizeti. Mkulima asiye na fedha ya mbegu wala ya kulimia huweza kukopa kwa mnunuzi, wakapatana kwamba mazao yatakwenda kwa mnunuzi huyo huyo kwa bei iliyosemwa kabla ya mvua. Mvua ikikosekana, mkulima ameokoka kwa kiasi fulani, maana alikwisha kula ile fedha. Lakini mvua ikinyesha vizuri na bei ikapanda, atayatazama magunia yake yakipakiwa garini, na neno la kusema hana. Hakuibiwa, aliahidi. Kosa si kukopa. Kosa ni kuahidi bila kupiga hesabu ya mwaka wa neema.

MATOKEO YAKE

Kazi ya kurekodi ilimalizika mwishoni mwa mwaka 1972, lakini Trident walipata mapatano na EMI mwezi wa Machi 1973, na albamu ikatoka Julai. Vijana walingoja miezi hiyo yote, na muziki wa wakati ule ulibadilika upesi.

Wimbo wao wa kwanza kuuzwa peke yake, “Keep Yourself Alive”, ulitoka tarehe 6 Julai 1973, nao haukuingia kabisa katika orodha ya nyimbo zilizouzwa sana. Albamu nayo mwanzoni haikuvuma. Mtu angeweza kusema, basi, yamekwisha. Lakini Novemba na Desemba mwaka huo walisafiri Uingereza wakiitangulia jukwaani bendi ya Mott the Hoople, na watu wakawaona kwa macho. Mapema mwaka 1974 walitoa “Seven Seas of Rhye”, wimbo ambao katika albamu ya kwanza ulikuwamo kipande chake tu, bila maneno. Safari hii ulikuwa kamili, ukafika nafasi ya 10. Ndipo watu walipoirudia albamu ya kwanza, ikapanda mpaka nafasi ya 24 huko Uingereza.

Mwaka 1975 ulikuja “Bohemian Rhapsody”, uliokaa nafasi ya kwanza Uingereza kwa majuma tisa mfululizo. Dunia ikadhani vijana wale wamekwisha kuwa matajiri. Kumbe mwaka huo huo walikuwa katika ugomvi wa fedha na Trident, kwa kuwa walilipwa mshahara wa juma, nao waliona ni mdogo ukilinganishwa na sifa zao. Waliachana mwaka 1975. Ili wawe huru, Queen walikubali kulipa paundi 100,000 pamoja na asilimia 1 ya mapato ya albamu sita zilizofuata. Hiyo ndiyo iliyokuwa bei ya saa za bure, nayo ililipwa na watu waliobahatika kupata mafanikio makubwa. Yule asiyefanikiwa hawezi hata kujikomboa.

HUKU KWETU

Katika miaka ile ile vijana wa Tanzania nao walipiga magitaa ya umeme. Bendi nyingi zilirekodi katika studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam, na nyimbo zao zikasikika nchi nzima kwa redio. Lakini kupata albamu nzima katika sahani ya santuri lilikuwa jambo jingine. Bendi ya Sunburst ya Dar es Salaam, iliyochanganya roki na ngoma za Kiafrika, ilitoa albamu yake “Ave Africa” mwaka 1976, nayo ilifanyiwa kazi Zambia, si hapa nyumbani. Haikuwa na kampuni mfano wa EMI ya kuisambaza duniani. Ilipofika mwaka 2016, kampuni ya Strut ya London ilizikusanya rekodi zao na kuzitoa upya, miaka 40 baadaye. Kipaji kilikuwapo; mlango ndio uliokosekana.

Leo mlango umepanuka. Studio yaweza kuwa chumba kimoja chenye kompyuta na maikrofoni, na wimbo wafika ng'ambo siku ile ile kwa intaneti. Lakini mambo matatu niliyoyataja hayakubadilika: kurekodi, utunzi na umeneja. Mwenye studio akisema, “Njoo, nitakurekodi bure,” kijana hana budi kuuliza haya:

1. Rekodi hii itakuwa mali ya nani, na kwa miaka mingapi?
2. Utunzi ni wangu, au nimeuuza pamoja na rekodi?
3. Gharama mnazonilipia leo zitakatwa katika mapato yangu ya kesho, na nani atakayetunza hesabu?
4. Meneja wangu ni nani, naye analipwa na nani?
5. Nikitaka kuondoka, nitaondokaje?

Tena tukumbuke kwamba kwa sheria ya nchi yetu mtu asiyetimiza miaka 18 hana uwezo wa kufunga mkataba. Wengi wetu katika shule hii hatujafika umri huo. Kwa hiyo mzazi au mlezi lazima awepo, naye asije kutia dole gumba tu; aje kusoma. Iko pia Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, COSOTA, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1999, ambako mtunzi huweza kuandikisha kazi yake. Kuandikisha wimbo kabla ya kuupeleka studio ni kama kumtia ng'ombe alama kabla ya kumpeleka malishoni.

Ndugu zangu wanafunzi, wengine watasema nimeleta habari hii ili kuwahubiria waache muziki. Sivyo. Wala sitaki kuwadanganya kwamba muziki na masomo havigongani kabisa. May aliacha shahada yake ya udaktari mwaka 1974 kwa ajili ya bendi, akaimaliza mwaka 2007, akiwa mtu mzima wa miaka 60. Lakini angalieni kwamba alikuwa na kitu cha kurudia. Na Deacon, aliyesomea elektroniki, alitengeneza mwenyewe kikuza sauti kidogo ambacho May alikitumia katika rekodi zao kwa miaka mingi. Elimu haikuwazuia kupiga muziki. Iliingia ndani ya muziki wao.

Kwa wazazi nina neno moja. Mtoto akisema anapenda muziki, msimjibu kwa ukali peke yake. Mwulizeni yale maswali matano. Akiyajibu vizuri, huenda amekua kuliko mlivyodhani. Akishindwa, mmemfunza jambo bila kumvunja moyo.

Freddie Mercury alifariki London tarehe 24 Novemba 1991. Huko Mji Mkongwe, Unguja, kuna makumbusho yake tangu mwaka 2019. Na mwezi wa Oktoba 2024 albamu ile ya kwanza ilitolewa upya kwa jina la “Queen I”. Mafundi waliyachambua yale matuta 16 moja moja, wakaipa ngoma sauti aliyoitaka Taylor tangu mwanzo, na “Mad the Swine” ukarudishwa mahali pake. Ilichukua miaka 51 kurekebisha yale yaliyoshindikana katika saa za watu wengine.